Chuma Kimoja, Chakavu

Namba imefutika, alisema, akaigeuza karatasi
kana kwamba upande wa nyuma ungekuwa na huruma.
Nikamwambia: afande, haikufutika,
imelambwa na miaka hamsini ya mafuta ya cherehani,
kila Ijumaa usiku, baba na kitambaa chake,
redio chini, mlango umekomewa.

Hakuandika hilo. Fomu haina kisanduku chake.

Lugendo Malugu, mtunza fedha wa chama cha msingi, Urambo.
Kibali cha mwaka sabini na nne,
kitabu cha jalada la kijani, kwenye picha bado ana nywele.
Msimu wa malipo ya tumbaku alitoka benki Tabora
na gunia la noti miguuni, Landrova haina kioo,
njia nzima ya miombo haina shahidi ila nyuki.
Risasi sita alizopewa
ndizo sita nilizozikuta kwenye kopo la maziwa ya unga,
zimeota ukijani.
Bastola isiyolia, alizoea kusema, ndiyo iliyofanya kazi.

Afande ni kijana, ana adabu. Hilo ndilo linalouma.
Mama, iletwe ikaguliwe.
Nitaileta kesho.
Ukiibeba bila leseni nakukamata hapo mlangoni.
Basi nipe leseni.
Leseni haitoki kabla ya ukaguzi.
Njooni mkague nyumbani.
Gari halina mafuta. Na kukaa nayo nyumbani, mama,
tayari ni kosa.
Tukanyamaza. Feni ya ofisi ikageuka kwangu,
ikageuka kwake, ikakubaliana na wote wawili.

Mara tisa nimepanda basi la alfajiri.
Nina cheti cha kifo. Nina barua ya mtendaji.
Nina muhtasari wa kikao cha ukoo, sahihi kumi na moja,
moja ya dole gumba.
Daktari wa Kitete aliniuliza kama huwa nasikia sauti.
Ndiyo, nikamjibu. Inasema: njoo Jumatatu.

Fundi saa mmoja wa Isevya, mpenda vitu vya kale,
aliitaka hata kama itazibwa mdomo kwa risasi ya kuyeyusha.
Haiwezekani. Kuuza ni kuhamisha, kuhamisha ni kuingiza,
na orodha ya kompyuta inaanzia silaha
zilizozaliwa baada ya mimi kuolewa.

Usinielewe vibaya.
Nakumbuka bunduki zilizovuka Malagarasi
zimeviringishwa ndani ya mikeka.
Shija wa duka la pembejeo walimpiga kizingitini,
kwa redio na katoni ya sabuni.
Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu.
Inachokiogopa sheria, nami nakiogopa.
Lakini wale hawakupanga foleni.
Foleni napanga mimi.

Mara ya kumi walikuja wenyewe,
kwa gari la kuazima la watu wa misitu.
Afande alivaa glovu, akaishika
kama mtu anayetoa popo chumbani.
Mezani pa baba akaandika risiti:
*Chuma kimoja, chakavu.*

Andika bastola, nikasema.
Ina jina. Ilivusha mishahara ya wakulima mia tatu.

Hakuinua macho.
Nikiandika bastola, mama, itabidi niandike
miaka mitatu hii ilikuwa wapi, na kwa nani.

Kuku wakapita kati yetu.
Nikatia sahihi.

Kitambaa hawakukichukua.
Ijumaa usiku mkono hutafuta kazi yake,
nami nina chupa nusu ya mafuta.
Nasugua cherehani ya mama, gurudumu, sindano, mguu,
nikifika ubavuni naenda polepole,
nazunguka pembeni.
Pale pana namba. Bado inasomeka.